Mwalimu wa Siasa Baada ya Saa za Kazi

Mzazi mmoja wa hapa Kariakoo alitujia na swali. Mwanawe amejiandikisha chuo kikuu kusoma elimu ya siasa, na masomo yake ni ya jioni. Mwalimu wake ni mtu wa ofisini mchana kutwa, kisha jioni ndipo hushika chaki. "Je," akauliza, "huyo ni mwalimu au ni kibarua?" Swali hili lina haki ya kujibiwa, maana ada ni fedha ya chakula cha nyumbani.

Mwandishi wa makala haya amepata kuifanya kazi hiyo, basi hasemi kwa kusikia. Mwalimu wa muda hulipwa kwa saa alizosimama mbele ya wanafunzi. Saa za kutayarisha somo na kusahihisha karatasi usiku hazimo katika hesabu, na malipo yenyewe aghalabu huja muhula umekwisha sahaulika. Chumba chuoni hana. Mwanafunzi mwenye shida humfuata mpaka kituo cha basi. Kasoro hizi si ndogo. Mwalimu aliyechoka husoma daftari la mwaka jana, na siasa ni elimu isiyokubali daftari la mwaka jana.

Lakini na tukumbuke jinsi siasa ilivyofundishwa katika mji huu. Marehemu Abdulwahid Sykes alikuwa msimamizi wa soko la Kariakoo, na papo hapo ni kiongozi wa TAA. Julius Nyerere, aliyechaguliwa rais wa chama hicho mwaka 1953, alikuwa akisomesha Pugu na kuja mjini kwa shughuli za siasa. TANU ikazaliwa tarehe 7 Julai 1954 katika mtaa wa New Street, ambao leo ni Lumumba. Mwezi wa Machi 1955 Nyerere aliacha ualimu, kwani kazi mbili hizo hazikuweza tena kukaa katika mkono mmoja.

Kisha tarehe 25 Oktoba 1961, kabla hata ya Uhuru, Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam kilifunguliwa katika jengo la TANU, mtaa huo huo wa Lumumba, kikiwa na kitivo cha sheria tu. Kilihamia Mlimani mwaka 1964. Ndiyo kusema kilianza bondeni, kando ya Kariakoo, ndipo kikapanda.

Wala si jambo geni katika historia yetu. Imamu Abu Hanifa alikuwa mfanyabiashara wa nguo za hariri huko Kufa, na darsa yake ikajaa watu; alipotakiwa awe kadhi, alikataa. Mwenye kula kwa duka lake halazimiki kusema la kumpendeza mtawala. Kwa mwalimu wa siasa, hiyo si faida ndogo.

Mwezi wa Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka wakilalamikia kodi na namna inavyokusanywa, hata Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akaja Mnazi Mmoja kuwasikiliza. Nani ana mamlaka ya kutoza? Aliyatoa wapi? Raia amwulize nani? Maswali hayo ndiyo elimu ya siasa yenyewe, na katika darasa la jioni huulizwa na watu waliotoka kulipa kodi hiyo. Mwalimu asiyejua bei ya khanga Mtaa wa Kongo atawajibu kwa kitabu tu.

Basi mzazi na aulize kama chuo kinatambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu, mwalimu amesoma fani yake kwa kiasi gani, na karatasi za wanafunzi hurudi baada ya siku ngapi. Hilo la mwisho, kwa maoni yangu, ndilo linalofichua mengi kuliko cheti.

Kijana wa mzazi yule amekwisha anza. Darasa hutoka saa mbili u nusu usiku, naye hurudi nyumbani kwa miguu, akibishana na wenzake njia nzima.