Raha ya Pikipiki na Thamani ya Kichwa: Kofia Ngumu Ipimweje?

Katika kata ya Mwazye, kama ilivyo katika kata nyingine za Wilaya ya Kalambo, pikipiki imekuwa mguu wa pili wa mwananchi. Ndiyo inayompeleka mgonjwa kwenye zahanati, inayofikisha mbolea shambani, inayomwahisha mfanyabiashara Matai kabla soko halijachangamka, na ndiyo inayotafutwa usiku mama mjamzito anaposhikwa na uchungu. Kofia ngumu, ambayo vijana wa vijiweni huiita helmeti, bado haijapata heshima kama hiyo. Katika barabara nyingi za vijijini huonekana ikining'inia kwenye usukani, kana kwamba chombo ndicho kinachohitaji kulindwa, na hupanda kichwani pale tu askari wa usalama barabarani anapotokea.

Wasioivaa hawakosi sababu. Wapo wanaosema inabana, wapo wanaosema inaziba masikio, na wapo wanaokiri wazi kwamba inawanyima raha ya safari. Makala haya yanazipima sababu hizo moja baada ya nyingine, na kueleza kile ambacho kofia inatoa na kile inachochukua.

Raha ni ya kweli

Hoja ya raha haifai kubezwa. Uwanda wa juu wa Ufipa una upepo ambao mtu wa bondeni haujui. Baada ya mavuno, mashamba yanapokuwa wazi na njia imekauka, kijana anayeshuka mteremko bila kitu kichwani anaona nchi yote mbele yake na kuhisi wepesi ambao hakuna kiti cha basi kinachoweza kumpa. Raha hiyo ni sehemu ya sababu zinazowafanya watu wapende pikipiki, na mawaidha yanayojifanya kama haipo hayasikilizwi.

Mvutano huo haupo Rukwa peke yake. Katika miji ya Ulaya na Marekani kuna watu wanaosafiri kwa chombo cha umeme chenye gurudumu moja, ambacho mwendeshaji husimama juu yake akiwa na mguu mmoja kila upande. Nao hubishana vivyo hivyo: baadhi huvaa kofia kila wanapotoka, na wengine husema kwamba kofia inaondoa ule uhuru ulioufanya mchezo uwe mtamu. Vyombo ni tofauti, lakini swali ni lile lile: raha ya dakika chache ipimwe dhidi ya kitu gani?

Kinachotokea kichwani

Jibu linaanzia ndani ya fuvu. Ubongo ni laini, na mwili unapokwenda nao unakwenda. Kichwa kikigonga ardhi ngumu, fuvu husimama ghafla ndani ya milimita chache, lakini ubongo huendelea na safari yake hadi unapojigonga kwenye ukuta wa fuvu. Mishipa midogo ya damu inaweza kukatika, damu ikavuja na kuubana ubongo, wakati mwingine bila jeraha lolote kuonekana nje.

Kofia ngumu hufanya kazi kwa njia rahisi. Ganda la nje hutawanya pigo ili lisiangukie sehemu moja, na tabaka la povu gumu lililo ndani hubonyea, likikipa kichwa sentimita chache za kupunguza mwendo kabla ya kusimama. Umbali wa kusimama ukiongezeka mara kumi, nguvu ya wastani inayokipiga kichwa hupungua mara kumi. Ndiyo maana unene wa povu, ambao mnunuzi wengi hawauangalii, una thamani kuliko rangi na michoro ya nje.

Wengi husema kwamba mwendo wa barabara ya vumbi ni mdogo, kwa hiyo kofia ni ya watu wa lami. Hesabu inakataa. Kichwa kinachoanguka kutoka urefu wa mita 1.6, yaani kimo cha mtu aliyesimama tu, hufika chini kikiwa na mwendo wa takriban kilometa 20 kwa saa. Mwendo huo unatosha kuumiza ubongo, hata kama pikipiki yenyewe ilikuwa imesimama kwenye tope. Na mwendo wa kilometa 50 kwa saa, ambao ndio ukomo wa kisheria katika maeneo ya makazi, ni sawa na kuanguka kutoka urefu wa karibu mita 10.

Mpenda pikipiki aliyebadili historia

Tarehe 13 Mei 1935, katika barabara ya kijijini kusini mwa Uingereza, T. E. Lawrence alikuwa akirudi nyumbani kwa pikipiki. Alikuwa mwanajeshi na mwandishi mashuhuri, na mapenzi yake kwa mwendo kasi yalijulikana na wote; alimiliki pikipiki kadhaa za Brough Superior, zilizokuwa miongoni mwa pikipiki bora za wakati huo. Ghafla alikutana na wavulana wawili waliokuwa kwenye baiskeli. Alipinda ili asiwagonge, akarushwa, akaangukia kichwa. Alifariki baada ya siku sita, akiwa na umri wa miaka 46.

Miongoni mwa madaktari waliomhudumia alikuwa Hugh Cairns, bingwa wa upasuaji wa ubongo. Daktari huyo hakulisahau tukio hilo. Mwaka 1941 alichapisha uchunguzi ulioonyesha kwamba katika miezi 21 ya kwanza ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, waendesha pikipiki na abiria wao 2,279 walikufa katika barabara za Uingereza, na kwamba majeraha ya kichwa ndiyo yaliyoua wengi. Mwaka huo huo Jeshi la Uingereza liliwaamuru askari wake wa pikipiki wavae kofia ngumu. Kwa raia, sheria ya kuwalazimu wote ilikuja mwaka 1973.

Tangu hapo ushahidi umeongezeka. Uchambuzi uliotolewa mwaka 2008, uliounganisha matokeo ya tafiti 61 kutoka nchi mbalimbali, ulionyesha kwamba kofia ngumu hupunguza hatari ya kufa kwa mwendesha pikipiki aliyepata ajali kwa takriban asilimia 42, na hatari ya kuumia kichwa kwa takriban asilimia 69. Takwimu hizo hazisemi kwamba aliyevaa hafi. Zinasema kwamba katika ajali ile ile, mwenye kofia ana nafasi kubwa zaidi ya kurudi nyumbani na akili zake.

Malalamiko na majibu yake

La kwanza ni kwamba kofia inaziba masikio na macho. Mwaka 1994 watafiti nchini Marekani waliwapima waendesha pikipiki 50 barabarani, wakiwa wamevaa kofia na wakiwa hawakuvaa. Walibaini kwamba waliovaa hugeuza kichwa kidogo zaidi ili kuona pembeni, na kwamba uwezo wa kusikia honi haukutofautiana kwa mwendo ule ule. Sababu yake inaeleweka: upepo unaopiga sikio tupu nao ni kelele, na hufunika sauti nyingine.

La pili ni joto. Katika miji ya pwani, malalamiko hayo yana uzito. Huku uwandani, ambako asubuhi za Juni na Julai humfanya mtu atafute koti zito, kofia yenye kioo cha mbele humlinda mwendeshaji dhidi ya baridi, vumbi na wadudu wanaoingia machoni. Aliyewahi kuendesha akiwa amefumba jicho moja kwa sababu ya vumbi anajua kwamba hiyo si raha.

La tatu ni usafi, nalo hutolewa zaidi na abiria: kofia moja huvaliwa na watu wengi kwa siku. Malalamiko haya ni ya haki, na dawa yake ni nyepesi. Abiria anaweza kubeba kipande chake cha kanga au kitambaa chembamba cha kutanguliza kichwani. Dereva naye anaweza kuifuta kofia kwa maji na sabuni kila jioni na kuianika kivulini. Aliyesuka nywele achague misuko ya kulala anapojua ana safari, kwa kuwa fundo kubwa utosini huinua kofia na kuifanya ikae vibaya.

La nne ndilo zito kuliko yote: kichwa ni cha mtu mwenyewe, na ana haki ya kuamua. Lakini mguu uliovunjika na ubongo ulioumia havina bei moja. Mfupa hufungwa plasta na mara nyingi huunga. Ubongo ulioumia vibaya unaweza kumwacha mtu hai lakini asiyeweza kulima, kuhesabu fedha wala kuwatambua wanawe. Mzigo huo hubebwa na mke, mume, wazazi na watoto. Kutoka Sumbawanga hadi hospitali ya rufaa ya kanda mjini Mbeya ni zaidi ya kilometa 300, na Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, inayotoa huduma za upasuaji wa ubongo, iko Dar es Salaam, zaidi ya kilometa 1,000. Kwa mwananchi aliye mbali namna hiyo na bingwa wa ubongo, kofia ndiyo huduma ya kwanza inayofika kwa wakati.

Abiria naye ana kichwa

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inamtaka mwendesha pikipiki avae kofia ngumu. Kanuni za mwaka 2010 kuhusu leseni za usafirishaji wa abiria kwa pikipiki na bajaji zimemjumuisha abiria, na zinaruhusu abiria mmoja tu. Kupakia mishikaki ni kosa, na pia ni njia ya hakika ya kuwanyima wengine kofia, kwa kuwa hakuna bodaboda anayebeba kofia nne.

Hapa ndipo mizani ya raha inapoanguka kabisa. Dereva anayeacha kofia huenda anajinunulia upepo kwa hatari yake mwenyewe. Abiria aliyeketi nyuma anakwenda kliniki, gulioni au shuleni, na hakuomba kushiriki katika bahati nasibu hiyo. Abiria anayo haki ya kuomba kofia kabla ya kupanda na ya kumkataa dereva asiye nayo. Kijiwe ambacho abiria watatu kwa siku wanakataa kupanda bila kofia kitakuwa na kofia za kutosha kabla ya mwezi kwisha.

Namna ya kuchagua na kuitunza

Kofia isiyofaa humpa mtu imani bila kinga. Mnunuzi anashauriwa kuzingatia mambo yafuatayo:

Kwanza, aangalie ndani. Kukiwa na sponji laini tu chini ya ganda la plastiki, bila tabaka la povu gumu, hiyo ni kofia ya kumridhisha askari. Kofia za ujenzi nazo hazikutengenezwa kwa ajali za barabarani.

Pili, aivae na kutikisa kichwa. Kofia ikizunguka peke yake ni kubwa mno. Inatakiwa ishike mashavu na paji la uso bila kuumiza.

Tatu, afunge mkanda wa kidevu hadi vibaki vidole viwili tu kupita, kisha ajaribu kuisukuma kutoka nyuma kuelekea mbele. Ikivuka, haifai. Kofia isiyofungwa mkanda hutangulia kuruka kabla kichwa hakijafika chini.

Nne, asiipake rangi wala kuisafisha kwa petroli au tina, kwa sababu vitu hivyo huyeyusha povu.

Tano, kofia iliyopata pigo kubwa ibadilishwe hata kama haina ufa unaoonekana. Povu likishabonyea halirudi, na pigo la pili litakikuta kichwa bila mlinzi.

Ajali ikitokea

Mashuhuda wasikimbilie kumvua majeruhi kofia, kwa kuwa shingo huenda imeumia. Ivuliwe tu pale anaposhindwa kupumua, mtu mmoja akishikilia kichwa na shingo visitikisike huku mwingine akiitoa taratibu. Majeruhi aliyepoteza fahamu hata kwa dakika moja, anayetapika, anayelalamika kichwa kinamuuma kwa kuzidi, anayesinzia isivyo kawaida au anayetokwa na damu au majimaji masikioni, apelekwe kwenye kituo cha huduma za afya mara moja, hata kama anasisitiza kwamba yuko salama. Damu inayovuja ndani ya fuvu inaweza kuchukua saa kadhaa kabla ya kuonyesha hatari yake.

Wapanda baiskeli hawabanwi na sharti hili, lakini ardhi wanayoiangukia ni hiyo hiyo. Kofia nyepesi ya baiskeli inamfaa hasa mtoto anayekwenda shule akipishana na pikipiki na malori ya mazao.

Wahenga walisema tahadhari kabla ya hatari. Mteremko utabaki pale pale, na upepo wa Ufipa hautakwisha kwa sababu mtu amefunika kichwa. Utampiga kifuani na mikononi kama kawaida, leo na mwakani. Kofia inachukua sehemu ndogo ya raha ya safari moja, na inamwachia mtu nafasi ya kuzifurahia safari nyingine zote zitakazofuata.