Kichanga Safarini: Dar Mpaka Ruhembe Bila Presha

Mzazi mpya wa mjini akitoka hospitali tu hukutana na maswali mawili. La kwanza, "Jina nani?" La pili, "Mnamleta lini tumwone?" La kwanza lina raha yake. La pili ndilo linaloweza kulaza watu mzungu wa nne kitanda kimoja.

Mjini tunazalia, lakini nyumbani ni nyumbani. Bibi yuko kijijini anasubiri kumpakata mjukuu, baba mtoto anataka kuonekana mwana mwema, na mama mtoto bado ana maumivu, halali usiku na hana nguvu za kubishana na ukoo mzima. Mwezi huu nimeamua tulizungumze hili kinaga ubaga, kwa sababu nimesikia mashoga wengi wakilalamika chini chini na waume wengi wakiliona jambo dogo. Dogo si dogo, jamani. Kina baba nanyi msifunge ukurasa.

Kwetu nyumbani kwa mume ni Ruhembe, huko Kilosa, kwenye miwa, ukiacha Mikumi unashika njia ya kwenda Kidatu. Kutoka Dar ni zaidi ya kilomita 300. Mtoto wetu alipokuwa na siku 33, baba mkwe alikuwa kitandani na hali haikuwa nzuri. Alituma ujumbe mmoja tu: anataka kumwona mtoto. Sasa niambie shoga yangu, hapo unajibu nini? Kusema "tusubiri" ni sawa na kumwambia mzee asubiri kufa. Kusema "twende" ni kumweka kichanga barabarani siku nzima. Tulikaa, tukazungumza, tukaenda. Ila tulikwenda kwa mpango, na mpango huo ndio ninaokupa leo.

AROBAINI YA BIBI NA SIKU 42 ZA KLINIKI

Wasomi wengi tunaicheka arobaini. Tunasema ni mambo ya kizamani. Lakini hebu angalia: kliniki humtaka mama na mtoto warudi kuangaliwa mara kadhaa baada ya kujifungua, na mahudhurio hayo huishia karibu na siku ya 42. Bibi na nesi wanapishana siku mbili tu! Wote wanajua kwamba wiki sita za mwanzo mwili wa mama bado unarudi mahali pake na kinga ya mtoto bado changa.

Kwa hiyo kama safari ni ya kuonyesha mtoto tu, sherehe na picha, subiri wiki sita zipite. Hakuna atakayekufa. Kama kuna jambo zito, kama letu, mpeleke kwanza mtoto kliniki aangaliwe. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wiki 37, au aliyekuwa na uzito chini ya kilo 2.5, usimsafirishe bila daktari kusema ndiyo. Watoto hawa wakikaa kimkao wa kujikunja kwenye kiti huweza kupata shida ya kupumua.

WIKIENDI NDIYO ADUI

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama likizo ya uzazi ya siku 84. Baba anapewa siku 3. Hapo ndipo tatizo linapoanzia. Mume hana muda, basi anapanga: tunaondoka Ijumaa jioni baada ya kazi, Jumapili tunarudi. Dereva amechoka, barabara ina giza, malori yamejaa, na mtoto anapigishwa kilomita 600 na ushee ndani ya siku mbili.

Dada, hapo simama imara, lakini kwa maneno matamu. Usimwambie "ndugu zako wanataka kuniua." Mwambie, "Baba fulani, twende, lakini tuondoke alfajiri, na wewe urudi kazini peke yako. Mimi nitabaki na mama wiki mbili." Likizo unayo. Mama mkwe atafurahi, mtoto atapumzika, na mume hataona amekataliwa. Kwangu hilo lilimaliza ubishi usiku mmoja.

MIKONO YA MAMA SI MKANDA

Hili litawauma wengi. Tumezoea mtoto kupakatwa, tena kiti cha mbele ili "apate hewa." Sikiliza hesabu hii. Gari likiwa kwenye mwendo wa kilomita 50 kwa saa likagonga na kusimama ghafla, ndani ya nusu mita tu, mtoto wa kilo 3.5 anavutwa mbele kwa nguvu ya kama mara 20 ya uzito wake. Hiyo ni kilo 70. Ni mfuko mzima wa saruji na karibu nusu nyingine. Nani anaweza kuudaka kwa mikono miwili? Hata umpende vipi, atakuponyoka.

Shirika la Afya Duniani linasema viti maalumu vya watoto hupunguza vifo vya watoto wachanga kwenye ajali kwa takriban asilimia 70. Kwa hiyo kabla ya kununua kitanda cha bei mbaya na nguo za kupigia picha, nunua kiti cha gari. Usingoje trafiki akuulize. Ukikipata, zingatia haya:

- Kifungwe kiti cha nyuma, na mtoto atazame nyuma ya gari, si mbele. Shingo ya kichanga haiwezi kustahimili mtikisiko wa kutazama mbele.
- Kamwe usikiweke mbele penye mfuko wa hewa unaofumuka gari likigonga. Mfuko huo unamwokoa mtu mzima, lakini kwa kichanga unaua.
- Mikanda ipite usawa wa mabega au chini yake kidogo, ibane kiasi kwamba huwezi kuifinya na kuikunja kwa vidole.
- Usimvike masweta mazito wala kumviringisha shuka kisha ndiyo ufunge mkanda. Mkanda utaonekana umebana kumbe umebana nguo. Mfunge kwanza, halafu mfunike kanga kwa juu.
- Cha mtumba si dhambi, ila uliza historia yake. Kiti kilichokuwa kwenye ajali hakifai tena, hata kama kinang'aa.

Mama akae nyuma, pembeni ya mtoto, amwangalie. Kidevu kisiangukie kifuani, pua na mdomo viwe wazi. Mtandio wa kumkinga jua usimfunike uso. Weka kizuizi cha jua kwenye kioo cha dirisha.

NA SISI TUNAOPANDA BASI?

Najua si kila mtu ana gari. Mabasi mengi hayana pa kufungia kiti cha mtoto, tusidanganyane. Basi fanya kilicho bora kuliko vyote vinavyowezekana: chagua basi la mchana, kaa katikati na si siti ya mbele, funga mkanda wewe mwenyewe, na mtoto umfunge kifuani kwa mbeleko imara, uso ukiwa unaonekana. Mkanda usimzungushe na yeye ndani. Basi likifunga breki, uzito wako wote utamkandamiza.

Kuna njia nyingine ambayo mama zetu hawakuwa nayo. Tangu Juni 2024 treni ya SGR inatoka Dar hadi Morogoro, na safari hiyo huchukua kama saa mbili hivi. Ndani ya treni unamnyonyesha, unasimama, unanyoosha miguu, hakuna kona wala malori. Baba au shemeji anaweza kukupokea Morogoro na gari lenye kiti cha mtoto. Umepunguza kilomita karibu 190 za barabara.

VITUO VYETU NJIANI

Kichanga hatakiwi kukaa kwenye kiti chake muda mrefu kwa mkupuo. Wataalamu wengi wanataja saa 2 kuwa mwisho kabisa, na kwa mtoto wa wiki za mwanzo wanataka muda mfupi zaidi. Kwa hiyo sahau habari ya "tutasimama Morogoro tu." Sisi tuliondoka saa 12 asubuhi, kukiwa kumepambazuka, na tulisimama hivi:

Kibaha, foleni ya Dar ikiwa imekwisha. Chalinze, watu wazima wakanywa chai. Morogoro, kituo kirefu cha saa nzima. Mtoto alinyooshwa kitandani kwa ndugu. Kama una uwezo, lala hapo usiku mmoja, hutajuta. Doma, kituo kifupi lakini muhimu kuliko vyote. Na mwisho Mikumi mjini.

Kwa nini Doma? Kwa sababu mbele yake barabara inaingia Hifadhi ya Taifa ya Mikumi na kukatiza ndani yake kwa kilomita kama 50. Humo mwendo wa mchana ni kilomita 70 kwa saa, usiku 50, na ukigonga mnyama unalipa faini. Hushuki garini kubadilisha nepi huku nyani na tembo wakikutazama! Ukihesabu, ni dakika 45 hivi, na zaidi kama kuna malori. Mtoto ashibe, abeue, abadilishwe nepi kabla ya kuingia. Akilia humo ndani, mwimbie, mshike mkono, lakini usimfungue mkanda. Hapo ndipo akina mama wengi wanaposhindwa: mtoto analia, moyo unauma, unamtoa. Na mnyama naye huvuka barabara bila kupiga honi.

Kila mkisimama, mtoto atoke kwenye kiti kabisa, alale chali, ajinyooshe. Ndipo anyonye. Usimnyonyeshe gari likitembea. Wala usimpe maji "kidogo tu kwa ajili ya joto". Maziwa ya mama yana maji yote anayohitaji hadi afikishe miezi sita. Anayepaswa kunywa maji mengi ni wewe. Na wewe pia utembee kila kituo, hasa kama ulifanyiwa upasuaji, maana katika wiki hizi damu huganda miguuni kirahisi ukikaa sana. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au kifua kikibana, nenda hospitali.

Jambo moja halina mjadala: mtoto asiachwe ndani ya gari hata dakika mbili, hata kama amelala na vioo viko nusu. Gari juani hupata joto haraka mno, na mwili wa kichanga hupata joto haraka kuliko wako.

DALILI ZA KUGEUZA SAFARI

Beba kadi ya kliniki, kadi ya bima kama unayo, na kipimajoto. Ukiona mtoto amekataa kunyonya, analegea na haamki vizuri, joto limefika nyuzi 37.5 au zaidi, au mwili umekuwa wa baridi, anapumua zaidi ya mara 60 kwa dakika, kifua kinabonyea, amepata degedege, viganja na nyayo ni vya njano, au kitovu ni chekundu na kinatoa usaha, safari imeishia hapo. Nendeni hospitali ya karibu. Njiani mna Tumbi pale Kibaha, hospitali ya mkoa Morogoro, na St. Kizito Mikumi. Andikeni pia namba 115 ya mpango wa m-mama, bila malipo, kwa dharura za mama na mtoto mchanga.

MKIFIKA SASA

Kutoka Mikumi kwenda Ruhembe polepole. Msimu wa kuvuna kuna matrekta na matela ya miwa, na miwa ikichomwa moshi hutanda. Funga vioo.

Nyumbani watakuja wengi, kila mmoja anataka kubeba. Mpe mume kazi hii, kwa sababu ndugu ni wake: kila anayembeba anawe mikono, mwenye mafua amwone kwa mbali, hakuna kumbusu mdomoni. Yeye akisema ni mtoto wao kasema. Ukisema wewe, utaitwa mke wa mjini mwenye maringo. Beba chandarua chako, maana malaria haina mgeni. Mtoto asilale jikoni penye moshi wa kuni, na kitovu kisipakwe dawa yoyote ya bibi. Kiwe kisafi na kikavu, basi.

Baba mkwe aliomba ainuliwe, akaegemezwa mito, akampakata mjukuu wake karibu saa nzima. Hakusema mengi. Alimtazama mume wangu akamwambia, "Umefanya." Hata mimi niliyekuwa na wasiwasi tangu Kibaha nililazimika kutoka nje nikafute machozi.

Ndiyo maana sisemi watu wasiende. Ndugu ni muhimu, na mtoto anayejulikana kwao ana utajiri usionunulika. Ninachosema ni hiki: mapenzi ya kweli kati ya mume na mke yanapimwa hapa, pale mnapokaa chini kabla ya safari na kuulizana, "Mtoto wetu atakaa wapi, atasimama wapi, na nani atasema na mama?" Mkishajibu hayo matatu, washeni gari. Kama hamjajibu, bibi ampigie mjukuu simu ya video kwanza. Barabara ya Mikumi haihami.

Safari njema, mama mtoto.