Je, Wajua? Damu Ikitoka Tumboni

Je, wajua kwamba kutapika peke yake kunaweza kumchana mtu kwa ndani? Pale umio unapoungana na mfuko wa chakula, kutapika mfululizo hupasua utando. Hutangulia chakula, damu nyekundu hufuata, na mfuatano huo ndio munganga anaouliza kwanza.

Wajua mchaniko huo huitwa Mallory-Weiss? Mwaka 1929, mjini Boston, Kenneth Mallory na Soma Weiss waliandika habari za wagonjwa 15 waliotapika damu baada ya kulewa kupindukia. Lotoko, pombe kali ya kienyeji, inaweza kufanya hivyo hivyo hapa Ituri, mtaani Lumumba. Hata mjamzito anayesumbuliwa na kutapika, bila kugusa pombe, anaweza kuchanika. Mingi ya michaniko hii huacha kuvuja yenyewe na kupona kwa siku 2 au 3.

Wajua kwamba si kila damu ni ya mchaniko? Hapa Ituri tuitazame sana bilhazia, kichocho cha tumbo. Wavuvi wa Kasenyi na Tchomia huingia Ziwa Albert kila siku, na vijidudu vinavyotoka kwa konokono hupenya ngozi na kukua kuwa minyoo mwilini. Mayai ya minyoo hukwama kwenye ini, ini hupata makovu, damu hukosa njia, na mishipa ya umio huvimba. Ikipasuka, mtu hutapika damu nyingi ghafla, mara nyingi bila maumivu. Prazikwanteli huua minyoo, lakini mshipa unaovuja hufungwa kwa kimpira kidogo kupitia mrija wenye kamera. Mchaniko, ukikataa kukauka, huchomwa adrenalini au kubanwa kwa klipu.

Kipimo cha mrija wenye kamera hufaa kufanywa ndani ya saa 24. Kabla yake, mgonjwa alazwe ubavu, asile wala asinywe, awekewe dripu na kuchunguzwa kundi la damu. Mapigo yakikimbia na mikono ikiwa baridi, damu inahitajika upesi. Ndugu nao wafike ili wachangie damu.

Wajua choo cheusi chenye kunata ni damu vilevile?

Na tafadhali, anayetapika damu akidhaniwa kalishwa sumu asitapishwe kwa dawa za mizizi: mchaniko utapanuka. Asipewe aspirini wala ibuprofeni. Akiwa na homa pia, wauguzi waambiwe mlangoni, kwa maana Ebola ya 2018 hadi 2020 ilifika Ituri. Anayemhudumia avae glavu.