Ndoana Moja kwa Changu na Kolekole

Ukivuka feri Likoni Jumapili kwenda kuvua Shelly Beach, huenda mfukoni una pesa za ndoana za namba moja tu. Uchague ipi?

Kwanza elewa hesabu yake. Namba 12 ni ndogo kuliko namba 6, na namba 1 ni kubwa kuliko hizo. Kisha hesabu hugeuka: 1/0, 2/0 na kuendelea huzidi ukubwa.

Changu ana mdomo mdogo. Ukimtegea ndoana kubwa atadokoa chambo aende zake. Kolekole ana nguvu. Ndoana nyembamba ataikunjua. Basi chukua ya kati, namba 2 au 1, ya waya mnene na ncha kali. Chambo kiwe kipande kidogo cha ngisi. Mkubwa akishika, usivute kwa pupa. Mwachie mshipi mpaka achoke.

Usishuke chini ya hapo. Ndoana ndogo mno hunasa vitoto vya changu ambavyo havijazaa. Leo utajaza sahani, lakini wanao watavua nini kesho? Na maji yakianza kujaa, teremkeni mwambani mapema.