KUSAHIHISHA SI KUANDIKA UPYA

Wenyeji wa Mahoo wanakaa katika nchi ya Taveta, ambayo jina lake limo katika historia ya magazeti ya Kenya. Mwaka 1895 misheni ya C.M.S. ilianza kutoa huko gazeti la Kiingereza lililoitwa Taveta Chronicle. Katika uchapaji wa siku hizo herufi za risasi zilipangwa moja moja kwa mkono, kisha ikatolewa karatasi ya kwanza ili isomwe na makosa yaondolewe. Herufi iliyokosewa ilibadilishwa upesi; lakini mtu akiongeza sentensi nzima, mistari iliyofuata ilibidi ipangwe tena. Basi ilifaa kila mtu ajue ameombwa kazi gani.

Kiingereza kina maneno mbalimbali kwa kazi hizo, na yanafanana hata kuwachanganya wengi. "Proofread" ni kusoma mara ya mwisho na kutafuta makosa ya herufi na nukta, maana haiguswi. "Correct" ni kuondoa kosa na kuweka lililo sawa. "Edit" ni kuhariri, yaani kupunguza, kupanga na kunyosha lugha. "Revise" ni kuyapima tena mawazo yenyewe na kuyabadili inapobidi, na "rewrite" ni kuandika upya. Mwanafunzi aliyeambiwa "revise your essay", naye akaongeza nukta mbili tatu tu, hakutimiza agizo. Tena, kwa desturi ya Uingereza na Kenya, "revise" ni pia kudurusu masomo kabla ya mtihani. Wamarekani hapo husema "review".

Hatari kubwa zaidi imo katika "look over" na "overlook". La kwanza ni kupitia maandishi. La pili ni kutoyaona, au kuyafumbia macho. Kijana anayetafuta kazi akimwandikia mwalimu wake "Please overlook my letter", amemwomba asiitazame barua ile, na huenda makosa yake yakafika hivyo hivyo mbele ya mwajiri.

Kabla ya kuomba msaada, yafaa mtu ajiulize kwanza kwa Kiswahili: Je, nataka makosa yaonyeshwe, lugha inyoshwe, au mawazo yabadilishwe? Akiisha kupata jibu, neno la Kiingereza halitamsumbua, na msaidizi wake atajua mahali pa kuisimamisha kalamu.