Matenga Mangapi Upeleke Benaco? Wastani Usikudanganye

Vijana wangu wa Ngara na Biharamulo, leo sileti dawa ya wadudu wala mbegu mpya. Naleta hesabu. Usikimbie, hii ni ya kujumlisha na kuzidisha tu, na simu yako ina kikokotoo.

Wiki kadhaa zilizopita kijana mmoja, mweka hazina wa kikundi cha vijana watano wa huku Ngara, alinifuata ofisini na daftari. Wanalima nyanya bondeni, nyingine wananunua kwa majirani, wanapeleka Benaco pale malori ya Rusumo yanaposimama. Akaniambia, "Bwana shamba, tunataka mkopo wa pampu. Nyanya tunauza, maharage tunalima, lakini sielewi mbona mfukoni hakuna kitu."

Nikamuuliza, "Kila siku ya soko mnapeleka matenga mangapi?"

"Manane."

"Kwa nini manane?"

"Kuna siku tuliuza yote manane, bwana shamba. Yakaisha saa sita."

Hapo ndipo penye shida. Wengi wetu tunapanga biashara kwa kukumbuka siku moja nzuri. Siku mbaya tunasema ni bahati mbaya, tunasahau. Daftari halisahau, kwa hiyo tukalifungua.

Hesabu ya kwanza: tenga moja moja

Tulichukua siku 20 za soko. Hatukuangalia wastani kwanza. Tulihesabu ni siku ngapi wateja walitaka matenga mangapi:

- Matenga 4: siku 3
- Matenga 5: siku 5
- Matenga 6: siku 6
- Matenga 7: siku 4
- Matenga 8: siku 2

Orodha hiyo ndiyo wataalamu wanaiita mgawanyo wa uwezekano. Usiogope jina. Maana yake: mambo yanayoweza kutokea yameandikwa yote, na kila moja limepewa uzito wake kwa mara ngapi hutokea. Na kwa kuwa matenga yanahesabika moja, mbili, tatu, kazi inakuwa rahisi. Elimu hii ni ya zamani. Mwaka 1654 Wafaransa wawili, Pascal na Fermat, walikuwa wanaandikiana barua kuhusu jinsi ya kugawana pesa za mchezo wa kamari ulioachwa katikati. Sisi hatuchezi kamari, lakini mvua na soko vinatuchezea kila msimu.

Sasa bei zao. Tenga likifika sokoni limewagharimu 18,000. Linauzwa 30,000, faida 12,000. Lisipouzwa, jioni linaondoka kwa 8,000, hasara 10,000.

Swali la kujiuliza si "tutauza mangapi?" Jiulize hivi: nikiongeza tenga moja zaidi, litaniletea nini?

Matenga manne ya kwanza yanauzwa kila siku. Faida 48,000, haina ubishi.

Tenga la tano linauzwa siku 17 kati ya 20, yaani mara 85 kwa 100. Chukua 12,000 mara 0.85, toa 10,000 mara 0.15. Linaongeza 8,700. Libebe.

Tenga la sita linauzwa siku 12 kati ya 20. Linaongeza 3,200. Libebe.

Tenga la saba linauzwa siku 6 tu kati ya 20. Hapo unapata 3,600 unapoteza 7,000. Linapunguza 3,400. Liache.

Tenga la nane linauzwa siku 2 kati ya 20. Linapunguza 7,800. Hilo ndilo lilikuwa linakula pesa yao.

Jumlisha uone. Wakipeleka matenga sita, faida ya kutarajia kwa siku ni 59,900. Wakipeleka manane ni 48,700. Yaani walikuwa wanabeba mara mbili ya matenga manne, wanatoka jasho, halafu wanabaki na faida karibu sawa na ya mtu aliyepeleka manne akarudi nyumbani mapema. Tofauti ni 11,200 kwa siku. Wanaenda sokoni mara mbili kwa wiki, hivyo ni 22,400 kila wiki.

Kijana alinyamaza kidogo, akasema, "Kumbe tulikuwa tunafanyia kazi tenga la nane."

Mambo mawili hapa, usiyaruke.

La kwanza: andika wateja walitaka ngapi, si uliuza ngapi. Ukipeleka sita yakaisha saa nne, halafu watu watatu wakaondoka mikono mitupu, andika hao watatu. Usipowaandika, daftari litakuambia milele kwamba soko ni la matenga sita, na utabaki hapo hapo wakati soko linakua.

La pili: bei ya jioni inabadilisha kila kitu. Tuseme mmepata mama lishe anayechukua mabaki kwa 14,000 badala ya 8,000. Hasara inashuka kuwa 4,000. Rudia hesabu ya tenga la saba: 3,600 toa 2,800, linaongeza 800. Sasa libebe. Unaona? Kutafuta mnunuzi wa mabaki ni kazi yenye faida kuliko kumlalamikia dalali.

Hesabu ya pili: mkopo

Hapa ndipo nilipotaka kufika, kwa sababu mimi mwenyewe nimeungua.

Miaka ya nyuma nilikodi ekari tano za mahindi upande wa Nyakahura, Biharamulo. Nilikopa kwa mtu. Nilipiga hesabu ya wastani: wastani wa gunia kwa ekari, wastani wa bei. Kwenye karatasi nilikuwa tajiri. Mvua ikakata mahindi yakiwa yanatoa mbelewele. Niliuza pikipiki kulipa deni. Mwaka uliofuata mvua ilikuwa nzuri sana, wastani wangu ukawa sahihi kabisa, ila mimi sikuwa na shamba tena.

Kwa hiyo kijana aliponiambia wanaomba mkopo wa halmashauri, ule wa asilimia 10 ya mapato ya ndani (4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu), sikumkataza. Mkopo ule hauna riba, ni fursa. Lakini kutokuwa na riba si kutolipwa. Rejesho lipo, na kikundi kizima kinabanwa mmoja akikwama.

Mpango wao: wakope 1,800,000 wanunue pampu na mipira, walipe 600,000 kila msimu kwa misimu mitatu, kutokana na maharage ya ekari walizokodi. Tukakaa na wazee wawili tukahesabu misimu kumi ya nyuma ya maharage pale kijijini. Minane ilikuwa mizuri, miwili mibaya. Kwa makadirio yao, msimu mzuri unabakiza 1,200,000 baada ya gharama za shamba. Mbaya unawatia hasara ya 700,000.

Wastani kwa msimu: 1,200,000 mara 0.8, toa 700,000 mara 0.2. Ni 820,000. Misimu mitatu ni 2,460,000. Deni ni 1,800,000. Kijana akatabasamu, "Si tunalipa na chenji inabaki?"

Subiri. Deni halilipwi kwa wastani, linalipwa kwa msimu uliokupata. Tuandike yote yanayoweza kutokea katika misimu mitatu:

- Hakuna msimu mbaya: mara 51 kwa 100. Wanapata 3,600,000.
- Mmoja mbaya: mara 38 kwa 100. Wanapata 1,700,000.
- Miwili mibaya: karibu mara 10 kwa 100. Wako chini kwa 200,000.
- Yote mibaya: chini ya mara 1 kwa 100. Wako chini kwa 2,100,000.

Hizo namba zinatoka wapi? Msimu mzuri ni 0.8. Mitatu mizuri mfululizo ni 0.8 mara 0.8 mara 0.8, ni 0.512. Mmoja mbaya: 0.2 mara 0.8 mara 0.8, halafu zidisha kwa 3, kwa sababu ule mbaya unaweza kuwa wa kwanza, wa pili au wa tatu. Ni 0.384. Mingine fuata njia hiyo hiyo.

Sasa angalia mstari wa pili. Msimu mmoja tu ukiharibika, wanabaki na 1,700,000 na deni ni 1,800,000. Hawalipi. Kwa hiyo mpango uliokuwa na "chenji" unashindwa mara 49 kwa 100. Ni kama kurusha shilingi.

Tulifanya nini? Tulipunguza mkopo kuwa 1,200,000: pampu ndogo, mipira wanayo nusu tayari. Sasa msimu mmoja mbaya hauwaangushi, maana 1,700,000 inazidi 1,200,000. Nafasi ya kulipa inapanda kuwa karibu mara 90 kwa 100. Pampu ni ndogo, ndiyo, lakini usingizi upo.

Je, wazee wakikosea, na misimu mibaya ikawa mitatu kati ya kumi? Misimu kumi ni michache, lazima ujiulize hivyo. Nafasi ya kulipa inashuka kuwa karibu mara 78 kwa 100. Bado si mbaya, lakini unajua mapema unaingia wapi.

Kinachobaki ni mpangilio. Msimu mbaya ukianza wa kwanza, mfuko uko mtupu na rejesho la 400,000 linagonga mlango. Hapo ndipo nyanya zinapoingia. Ile 22,400 ya kila wiki, kwa wiki 20, ni 448,000. Nikawaambia ifungueni akaunti yake, msiiguse. Hiyo ni rejesho moja kamili, na imetoka kwenye tenga la saba na la nane ambayo hamyabebi tena. Hasara ya shamba yenyewe haitazibwa na hiyo. Msimu unaofuata itabidi walime ekari chache, na hilo nalo wamekubaliana sasa, kabla ya matatizo.

Tahadhari moja kubwa

Hesabu hii inachukulia msimu mmoja hauufuati mwingine. Kwa misimu inasaidia, ingawa mvua ina tabia zake. Lakini usiitumie kwa mashamba yaliyo jirani. Ukiwa na vipande vitatu bonde moja, mvua ikikata inakata vyote. Hiyo si tahadhari, ni kuweka mayai yote kapu moja. Na mvua ikiwa nzuri kwako ni nzuri kwa wote, bei inashuka wote mkivuna. Changanya: maharage, mihogo, nyanya za umwagiliaji.

Na Mamlaka ya Hali ya Hewa ikisema vuli itakuwa "wastani hadi juu ya wastani", haijakuahidi mvua. Imekuambia upande upi una uzito zaidi. Upande wa pili bado upo.

Kazi ya nyumbani

Kabla ya kupanda, chukua mbegu 100 za maharage, zifukie kwenye mchanga wenye unyevu, hesabu zilizoota. Zikiota 85, na ukaweka mbili kwa shimo, shimo kubaki tupu ni 0.15 mara 0.15, karibu mashimo 2 kwa 100. Zikiota 60, ni 0.4 mara 0.4, mashimo 16 kwa 100. Kwa nafasi ya sentimita 50 kwa 20, ekari ina mashimo kama 40,000. Kwa mbegu nzuri yanabaki tupu kama 900. Kwa mbegu mbovu ni 6,400, na palizi utayapalilia yote.

Yule kijana sasa ana safu mpya kwenye daftari: "waliokosa". Jumamosi nilimkuta sokoni na matenga sita. Matano yalikuwa yameisha, la sita alikuwa bado analiuza. Hakuwa na haraka.

Nunua daftari la shilingi elfu moja. Siku 20 za soko, kisha njoo nalo ofisini tuhesabu.

Kazi njema.