Nani Huamua Data Ipite Laini Ipi?

Tarehe 12 Mei 2024, mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilikatika kaskazini mwa Durban, Afrika Kusini. Tanzania iliumia vibaya, hata ubalozi wa Marekani jijini Dar es Salaam ukafunga milango yake kwa siku mbili. Taasisi yenye laini mbili za kampuni mbili haikupona ikiwa zote zilitegemea mikongo hiyohiyo.

Hata hivyo, tuseme chuo fulani kimenunua kwa busara: laini kuu ni pana, na ya akiba ni nyembamba, inayopita njia nyingine kabisa. Data inayotoka haina shida, kwa kuwa ruta ya chuo ndiyo inayoamua. Inayoingia ndiyo kazi. Ni kama nyumba yenye mageti mawili: mwenyewe hutokea analotaka, lakini mgeni huingilia lile ambalo dereva wake analijua. Wageni wakijazana mlango wa uani, laini nyembamba hulemewa huku ile pana, inayolipiwa fedha nyingi, ikikaa bure.

Uamuzi huo hufanywa kwa itifaki iitwayo BGP. Mwaka 1989 Kirk Lougheed wa Cisco na Yakov Rekhter wa IBM waliichora kwenye karatasi za kupangusia mikono mezani, jijini Austin, Texas. Kila mtandao una namba yake na hutangaza anwani zake kwa majirani. Tangazo linapopita, kila mtandao huongeza namba yake, na kwa kawaida mnyororo mfupi ndio unaochaguliwa. Kwa hiyo wahandisi hurudia namba yao mara tatu au nne kwenye laini ya akiba, ili njia hiyo ionekane ndefu.

Mbinu hiyo inataka kiasi. Februari 2009, mtandao mdogo wa Jamhuri ya Cheki ulirudia namba yake zaidi ya mara 250. Ruta yake ilitaka idadi ya marudio, ikapewa namba ya mtandao wenyewe. Ruta za zamani sehemu nyingi za dunia hazikuweza kumeza mnyororo huo, zikawa zinakata mawasiliano na majirani zao.

Tena kuna jambo linalowashangaza wengi: marudio hayo mara nyingi hayamshawishi mtoa huduma wa laini ya akiba mwenyewe. Kabla ya kupima urefu, yeye hutazama upendeleo wake wa ndani, na njia ya mteja anayemlipa huwekwa mbele. Dawa ni kuambatanisha na tangazo alama maalumu, ambayo mtoa huduma amekubali kuisoma, inayomwomba aishushe njia hiyo.

Kuna pia mbinu yenye nguvu zaidi: tangazo la kundi dogo la anwani hulishinda la kundi kubwa. Dunia iliona nguvu yake tarehe 24 Februari 2008, Pakistan Telecom ilipotaka kuifunga YouTube nchini mwake. Ilitangaza kundi la anwani 256 ndani ya kundi la YouTube la anwani 1,024, tangazo likavuja nje, na kwa takriban saa mbili watazamaji wa nchi nyingi wakaikosa YouTube. Chuo hutumia kanuni hiyohiyo kwa wema: hutangaza kundi zima kwenye laini zote mbili, na nusu zake mbili kwenye laini kuu tu. Laini kuu ikifa, nusu hizo hufutika, na kundi zima huiongoza data kwenye akiba. Lakini mitandao mingi haipokei kundi la IPv4 lililo chini ya anwani 256, kwa hiyo mwenye anwani chache hana cha kugawa.

Baada ya hapo, jaribio halikwepeki. Ruta nyingi za Cisco, zisiporekebishwa, husubiri sekunde 180 kabla ya kumhesabu jirani aliyenyamaza kuwa amepotea. Dakika hizo tatu ni ndefu kwa mtu anayelipia dawa kwa simu. Afadhali laini kuu ichomolewe usiku wa Jumamosi, mhandisi akiwa na saa mkononi, na mwenzake akiijaribu huduma kutoka mtandao mwingine.